Pacha wa Mteremkoni

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Nimerudi na matope mpaka magotini, viatu nimeviacha nje.

Vipande vyote kumi na viwili vya jaribio letu la mmomonyoko vimesimama, bati za mipaka hazijang'oka. Mwaka jana mvua kama hii ilizoa bati tatu tukaanza upya, kwa hiyo leo nilishuka mteremko roho mkononi. Kila kipande kina mfereji wake chini na pipa lake, na kila pipa lilikuwa limepokea kilichoteremka, maji na udongo. Kazi yetu ni kukoroga pipa mpaka udongo uliotuama uinuke, kisha kuchota chupa moja upesi kabla haujalala tena. Chupa inakwenda maabara, inakaushwa, udongo unabaki, unapimwa. Basi! Shule yote ile niliyosoma, na kazi yenyewe ni kukoroga uji usioliwa.

Shemeji kakoroga, mimi nimeandika. Mume wa mdogo wangu. Kituo kizima kinamwita Pipa — si kwa unene, ni mwembamba kama ufito, ni kwa kazi yake. Mapipa anayaamkia moja moja. "Shikamoo mzee, umeshibaje leo?" Nimecheka kama kawaida.

Ila wale pacha wameniudhi. Vile vipande viwili vitupu vya katikati, Kushoto na Kulia. Havikupandwa kitu. Mteremko mmoja, udongo mmoja, urefu mmoja, mvua moja, na kati yao pa kupita mtu tu. Pipa la Kushoto lilikuwa zito, mwiko unakwama. La Kulia — maji ya kuoshea miguu. Shemeji akasema huyu pacha mmoja anamnyima mwenzake chakula. Sikucheka hapo.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu ya maabara. Kushoto kimetoa udongo mara mbili ya Kulia. Mara mbili na ushee!

Mama Mizani wa maabara ndiye aliyeniletea karatasi. (Tunamwita hivyo kwa sababu hata ukimpa peremende ataiweka kwenye mizani kwanza.) Kaiweka mezani, kanitazama juu ya miwani, kaondoka bila neno. Kwa mtu mwenye maneno kama yeye, hiyo ni hukumu.

Mkuu wa kituo kaniita kabla ya chai. Wageni wa mradi wanakuja mwisho wa Aprili, na jaribio lote ni la kuwaonyesha mistari ya nyasi inazuia udongo kiasi gani kuliko ardhi tupu. Sasa ardhi tupu yenyewe ikitoa majibu mawili, utalinganisha na lipi? Akasema pacha hawawezi kutofautiana hivyo, hata wazazi wangeulizana maswali. Halafu akauliza nani alichukua sampuli. Hakuuliza bati zikoje, wala ardhi ikoje. Nani. Nikamtaja shemeji, na nilimtaja haraka kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua fupi, kali, ya alasiri. Nilikuwa stoo natafuta vizibo vya chupa. Nikachungulia dirishani. Shemeji yuko kwenye pipa la Kulia, simu kaibana kati ya sikio na bega, anacheka, anachota. Anachota huku anacheka!

Kukoroga kwenyewe sikukuona, nilikuta anachota. Lakini niliona nilichokuwa natafuta. Nilijisikia — niandike ukweli, hapa hakuna asomaye — nilijisikia nafuu. Sababu imepatikana, ina miguu miwili na simu.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu tena: Kushoto mara mbili ya Kulia.

Nimekwenda kwa Mkuu mwenyewe, sikuitwa. Nimemwambia sampuli haziaminiki kwa sababu ya mchukuaji. Nimemweleza habari ya simu. Akazungusha kalamu, kisha akasema: lakini yule si shemeji yako?

Hapo ndipo. Angeniuliza swali lingine lolote ningetulia, ningesema tuchunguze kwanza. Lakini miaka yote nimekuwa naogopa watu waseme nilimwingiza kazini kwa undugu. Nikajitutumua. Nikasema kazi ni kazi, undugu tunauacha getini. Nikasema na ziada: kwamba nimemwona kwa macho yangu hakorogi. Kwa macho yangu! Mkuu akanisifu. Akasema watu kama mimi ni wachache, na mimi nikatoka nimenyoosha shingo.

Ijumaa, 14 Machi

Kibarua cha shemeji kimeota nyasi. Barua kapewa saa ya chai, mbele ya birika.

Hakubisha. Alinifuata nje penye bomba, akaniuliza taratibu: "Shem, kweli nilikuwa sikorogi?" Nikamwambia alikuwa anakoroga kijuujuu. Akaangalia mikono yake, akasema, "Basi labda." Akaenda.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa mdogo wangu. Mchuma janga hula na wa kwao, sikutegemea kupokewa kwa vigelegele. Lakini hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe! Kanikaribisha sebuleni, kaniletea maji kwenye sinia, katika glasi ya wageni. Mimi, niliyemfundisha kufua leso zake, napewa glasi ya wageni! Watoto wakanisalimu, "Shikamoo Mama Mkubwa," wakapelekwa nje kucheza.

Nikaanza kueleza habari ya taratibu za kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ile simu ya Jumatatu ilikuwa yake. Alikuwa anampigia mumewe kumwambia mtoto wao wa mwisho kasimama, kashika kiti, kasimama mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa anacheka.

Maji sikuyamaliza. Shemeji hakuwepo, mdogo wangu alisema alikuwa ameenda kutafuta kazi, au alikuwa chumbani hataki kuniona, sijui. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kubwa alfajiri. Leo nimekoroga mimi.

Nimekoroga kama mtu anayedaiwa. Mapipa yote kumi na mawili, juu chini, kulia kushoto, mpaka bega limewaka moto. Nikachota bila kuvuta pumzi. Simu niliiacha mezani makusudi, watu waione. Sasa tutaona.

Jumamosi, 22 Machi

Kushoto mara mbili ya Kulia.

Mama Mizani kauliza kama na mimi nilikuwa na simu. Alidhani ni utani.

Jumanne, 25 Machi

Sijaandika tangu Jumamosi. Sikuwa na la kuandika ambalo lisingenipiga usoni.

Leo nimejaribu jambo la kipuuzi. Mvua ilinyesha jana usiku, mapipa yalikuwa tayari. Pipa la Kushoto nikalikoroga sawasawa, nikachota chupa tatu moja baada ya nyingine. Kisha nikaliacha litulie, nikarudi, nikalikoroga kivivu — kijuujuu, kama nilivyosema yeye anafanya — simu iliyozimwa nimeibana begani, na nikacheka. Peke yangu mteremkoni, mtu mzima, nacheka na simu iliyozimwa, nachota! Mlinzi wa getini aliniona. Akageuza uso kwa heshima.

Ilinibidi nijue simu na kicheko vinaharibu kiasi gani.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu. Chupa tatu za kukoroga vizuri hazikulingana. Mkono mmoja, pipa moja, dakika ile ile — hazikulingana! Zinapishana kidogo, ndugu wa tumbo moja wanaopishana urefu. Ile ya kukoroga kivivu imepungua, sitasema haikupungua. Lakini si nusu. Hata karibu na nusu haikufika. Hata angekuwa anazungumza na simu mbili, asingeifikisha hiyo nusu.

Nikapanda tena mteremkoni bila sababu ya kikazi, nikapiga magoti. Kulia kuna matundu madogo ya wadudu, mengi, yanakunywa maji kimya kimya. Kushoto ngozi ya juu imekuwa ngumu, ukiigonga kwa kucha inalia. Na palikuwa na mstari hafifu, labda njia ya zamani ya watu, kabla kituo hakijawa kituo. Nimepita hapo miaka. Nilikuwa naangalia mapipa tu.

Jumatatu, 31 Machi

Leo pacha wamegeuka. Mvua ya jana, ndefu na nzito, na asubuhi hii hata kabla ya maabara ilionekana wazi: pipa la Kulia limefura, mwiko unakwama. Kushoto afadhali. Nadhani Kulia matundu yamezibwa na udongo wake mwenyewe, na maji yakikosa pa kuingia hutafuta pa kushukia. Au sababu nyingine. Sijui! Nilikaa juu ya ndoo nikacheka, halafu haikuwa kicheko tena.

Na nikakumbuka jambo ambalo nilifundishwa darasani, nikalifundisha wengine, nikaliandika hata kwenye mpango wa jaribio hili. Kwa nini tunaweka pacha? Si ili wafanane. Tunawaweka ili watuambie ardhi, ikiachwa yenyewe, inapishana na ardhi kiasi gani, maana vinginevyo hatutajua nyasi zimezuia nini na bahati imezuia nini. Hiyo ndiyo kazi yao pekee. Wameifanya vizuri kabisa. Wamezungumza, na sisi tukamfukuza mtu.

Sisi? Mimi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwambia Mkuu yote. Chupa tatu, simu iliyozimwa, matundu, Kulia kugeuka. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha.

Alisema ripoti ya muda imeshakwenda, na ndani yake imeandikwa kwamba kulikuwa na dosari ya kibinadamu na imerekebishwa. Kisha akaniuliza: ukisema pacha watupu wanapishana mara mbili, na mistari ya nyasi nayo inapunguza udongo kwa nusu, hiyo nusu ni ya nyasi au ni ya mlima kujisikia? Nikasema ndiyo hasa tunachopaswa kuwaambia wageni, kwamba hatujui bado, tunahitaji vipande zaidi na misimu zaidi. Akatabasamu kama mtu aliyeumwa jino. "Mtu mmoja akikosea, hilo linaeleweka. Sasa mlima ukikosea, mimi nitamwandikia nani barua?"

Akaongeza kwamba shemeji mwenyewe hajabisha. Wengine wote waliowahi kufukuzwa walibisha, yeye hakubisha.

Kamba hukatikia pabovu, lakini safari hii nani aliipeleka kamba pale? Nimerudi ofisini kwangu nikapanga chupa tupu kwa ukubwa. Zilikuwa za ukubwa mmoja.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemtafuta shemeji. Anamsaidia fundi rangi mmoja kwenye jengo la duka linalofunguliwa karibu na soko. Nilimkuta uani kachuchumaa mbele ya kopo, anakoroga. Yule fundi akanilalamikia kabla hata sijasema nimemfuata nani: huyu bwana, dada yangu, rangi anaikoroga mpaka mchana unaisha, ukimwambia imetosha anauliza una hakika?

Nimemweleza palepale, tumesimama kati ya makopo. Taratibu, kwa maneno mepesi. Kwamba si yeye. Kwamba nimekoroga mimi nikapata yale yale. Kwamba ni ardhi.

Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema: "Shem, asante. Lakini usinipulize." Anasema amefikiri sana. Akikumbuka vizuri, kuna siku alikoroga haraka. Kuna siku mvua ilikuwa inarudi, akachota bila kuzingatia. Hata mwaka juzi. Kila akikumbuka anaongeza siku nyingine. Nikamwambia hata mimi, hata mtu yeyote, mkono wa binadamu una kupishana kwake na ni kudogo. Akasema mkono wangu umesoma.

"Ulinitazama miaka yote hii," akasema. "Ukaniona sikorogi. Nikakuamini. Leo unasema nakoroga. Nikuamini wapi?"

Fundi akaita rangi, shemeji akaomba radhi akarudi kwenye kopo. Nilinunua nyanya nisizozihitaji nikaenda nyumbani.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimekoroga peke yangu tena. Kushoto na Kulia leo karibu sawa. Karibu sawa, wapuuzi wakubwa nyie!

Najuta. Naandika neno hili wazi maana nimelizunguka vya kutosha. Najuta kwamba nilisema "kwa macho yangu" wakati macho yangu yaliona kuchota tu. Najuta ile nafuu niliyoisikia dirishani. Zaidi najuta kwamba ningekuwa namchukia shemeji ningekuwa mwangalifu zaidi, ningeogopa kumwonea. Nilimwonea kwa sababu nampenda na nilitaka ionekane sipendelei. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema — na mimi mshahara wangu wote ni wa kuzoa maji yaliyomwagika!

Mdogo wangu hapokei simu. Alituma ujumbe mmoja tu: Dada, wewe unauma na kupuliza, afadhali uchague moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimechagua.

Mkuu kakubali niseme kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, wiki ijayo, kabla ya wageni kufika. Sijui kwa nini kakubali kirahisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nimekunywa na maji, na yeye akasema tu sawa, ni jambo jema watu wasikie. Akauliza kama shemeji anaweza kuhudhuria. Nikasema ndiyo hasa ninachotaka. Nimsafishe mbele ya watu wale wale waliomwona akipokea barua penye birika. Chumbani kwangu hata nikimsafisha mara mia haitamfaa kitu.

Nimempigia mdogo wangu, na amepokea! Nikamwomba amshawishi mumewe aje. Nikasikia mtoto analia nyuma, kisha akasema, "Atakuja, Dada. Nitahakikisha." Ile Dada ya zamani. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeandika nitakachosema. Ukurasa mmoja. Nimeukata mara nyingi, maana kila nikiandika naanza kujieleza. Mama Mizani kaniazima masikio, nikamsomea maabara, oveni inavuma. Nilipofika mahali pa simu iliyozimwa alicheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha akauliza: na wewe utakuwa umebaki na kazi? Nikasema sijui. Akasema basi soma polepole, usimeze maneno.

Nimelala vizuri usiku wa jana. Mara ya kwanza mwezi huu.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika stoo, nimekalia gunia la mbegu. Wako kwenye chai.

Walikuwepo wote, mpaka mlinzi. Shemeji kaja na suti, ile ya harusi yake, inampwaya sasa mabegani. Mdogo wangu kamsindikiza mpaka mlangoni, kamtengeneza kola, akaketi benchi la nje. Nilipomwona vile, nilisema moyoni leo namtua mzigo huyu bwana.

Mkuu akafungua. Akasema kabla ya yote kuna mwenzetu ana neno. Nikasimama! Nilidhani ni mimi. Mkuu akanipungia mkono nikae, na shemeji akainuka.

Akasema anaomba radhi. Kwamba alikuwa hakorogi inavyopasa. Kwamba alikuwa anazungumza na simu kazini. Kwamba si siku ile tu, hata msimu uliopita na ule wa nyuma yake, na tofauti zote za pacha zimetoka kwenye mkono wake. Hakuwa na karatasi. Kichwa chini, maneno yamefuatana bila kukwama, amefanya mazoezi kuliko mimi. Mwisho akasema anamshukuru shemeji yake kwa kumfumbua macho. Mimi! Akanielekeza kwa mkono, na watu wakageuka kunitazama kwa heshima.

Wakapiga makofi. Mkuu akasema kukiri ni uungwana, Jumatatu arudi kazini, barua tumeifuta. Akasema pia, kwa kuwa sababu sasa inajulikana, vipande pacha vyote visivyolingana, vya misimu yote mitatu, vitolewe kwenye ripoti, wageni wapewe takwimu safi. Mama Mizani akanitazama. Halafu chai.

Mdogo wangu kanikamata kwenye ujia. Kanishika mikono yote miwili, mikono yake baridi. Kumbe yeye na mumewe walipatana na Mkuu siku nyingi, hata kabla sijampigia simu: akikiri mbele za watu, anarudi. Akasema, "Yamekwisha, Dada. Naomba usisimame. Ukisimama sasa utamfanya mwongo mbele ya watu hao hao, na kazi itakwenda tena, na safari hii haitarudi."

Nikamwambia lakini hakukosa kitu.

"Najua hakukosa. Nilijua tangu siku ya kwanza, wala sikuhitaji chupa. Kujua kwangu watoto watakula?"

Akanipangusa shavu kwa kiganja, kama mimi ndiye mdogo, akarudi kwenye benchi lake.

Halafu shemeji mwenyewe. Kaja na kikombe cha chai mkononi, kaniletea, sukari kidogo kama ninavyopenda. Uso umemng'aa. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shem, nimesema vizuri?"

Nilitaka kumwuliza kama anayaamini aliyoyasema. Niliogopa kwamba anayaamini. Niliogopa pia kwamba hayaamini. Nikamwambia, "Vizuri, shemeji." Mdomo huu huu uliosema kwa macho yangu!

Chai imepoa hapa sakafuni. Ukurasa wangu uko mfukoni. Nikiusoma, namvua suti mbele ya watu. Nisipousoma, kila mvua itakayonyesha pacha watapishana, maana watapishana tu, na kila mara watageuka kuutazama mkono wake, na yeye atakuwa wa kwanza kuutazama.

Viti vinaburuzwa. Mkuu anagonga meza. Kuna mtu anasema ajenda imekwisha, twende tukafanye kazi, na namsikia shemeji, sauti yake ile ya kuamkia mapipa, anawaambia hapana jamani, kaeni, tumsubiri, shemeji yangu alikuwa na neno, yeye ndiye aliyeniita hapa, na sasa nasikia hatua zake zinakuja stoo kunichukua na —